Kusomea sheria nje: Uingereza, Malaysia, India au Kampala? Kwa sisi wa visiwani

Kila matokeo ya Form Six yakitoka mwezi wa saba simu zinaanza, nimefaulu HGL vizuri nataka kusomea sheria nje, niende wapi, na ukimsikiliza vizuri unaona keshajijibu zamani, kichwani ishakaa London, anachotaka ni mtu wa kumwambia nenda. Mie nafanya kazi ofisi ya wakili pale Vuga, nje sikusoma, lakini wanaorudi nawaona, wa Uingereza, wa Malaysia, wa Kampala, wanakuja na makaratasi yao kuomba nafasi na wengine tunakaa nao meza moja. Kwahiyo haya nnayoandika nayaangalia zaidi kutokea upande wa kurudi, upande wa kwenda kila mtu anausema.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Figo la mtu wa Mkoani na figo la mtu wa Manchester ni figo lile lile, daktari akisoma popote atalijua, lakini sheria ya ardhi ya Manchester ukija nayo Mkoani haikusaidii kitu. Na sie Zanzibar mambo yetu yana zaidi, tuna katiba yetu ya 1984, tuna Mahakama Kuu yetu, tuna mahakama za kadhi, roli ya mawakili, yaani daftari la walioruhusiwa kusimama mahakamani, ya kwetu na ya Bara ni mbili na kila moja ina masharti yake, tunakutana na wenzetu kwenye Mahakama ya Rufani na huko pia kesi za kadhi haziendi. So kabla hujauliza nchi gani ina chuo kizuri, jiulize unataka kusimama mahakama gani ukimaliza. Mahakama Kuu yetu Tunguu? Dar? London yenyewe? Au hutaki kabisa kusimama mahakamani unataka benki, mashirika, mambo ya mikataba ya hoteli na mafuta na gesi? Jibu likibadilika na nchi inabadilika.

Haya tuanze na Uingereza maana ndo inayoulizwa sana.

LLB yao, yaani digirii ya kwanza ya sheria, ni miaka 3, unaomba kupitia UCAS, mtandao wao wa kuombea vyuo, unachagua vyuo visivozidi 5, Oxford na Cambridge unachagua kimoja kati yao si vyote viwili na mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba, yaani mwaka mzima kabla ya kwenda, wakati wewe bado uko Form Six unakimbizana na moku. Hapa ndo wengi wetu wanapokosea hesabu, anasubiri matokeo ya Julai ndo aanze kuapulai, vyuo vikubwa vishafunga zamani kwa mwaka ule. Halafu Form Six yetu baadhi ya vyuo wanaipokea moja kwa moja, vingine wanakwambia ukasome kwanza mwaka wa faundesheni, na huo mwaka unalipia kama mwaka mwengine wowote, kwahiyo miaka 3 inakuwa 4 na bajeti ya mzee inapasuka. Ingia kwenye ukurasa wa kila chuo uangalie nchi yako wameandika nini, usikubali kuambiwa na mtu kijuujuu.

Vyuo kama Oxford, Cambridge, LSE, UCL, King's, Bristol na Durham wanataka mtihani unaitwa LNAT. Si mtihani wa sheria, hawakuulizi kifungu chochote, wanakupa maandishi magumu na masuala 42 ya kuchagua jibu kwa dakika 95, halafu insha moja kwa dakika 40, basi. Kwa msimu mmoja unaufanya mara moja tu na kwa sisi tulio nje ya Ulaya ada yake ni pauni 120. Unafanywa kwenye vituo vya Pearson VUE kwahiyo hesabu na nauli ya boti humo humo, na mtu wa Pemba ahesabu boti mbili. Mie nimekaa na kijana mmoja tukifanya yale masuala ya mazoezi, yapo bure kwenye tovuti yao, kitu kilichomtesa si Kiingereza, Kiingereza anacho, kilichomtesa ni kuwa skuli tulizoeshwa kukumbuka na hawa wanataka ujue mwandishi amedhania nini bila ya kukisema. Unasoma aya, unaona majibu matano yote kama ya kweli, lakini suala linasema lipi mwandishi ANALITEGEMEA ili hoja yake isimame. Hicho ni kitu cha kuzoea miezi, si wiki ya mwisho.

Pesa. Ada ya mwanafunzi wa nje kwa sheria inaanzia kama pauni elfu 15 kwa mwaka vyuo vya kawaida na vile vya London vinapita elfu 25, juu yake kuna ada ya huduma za afya pauni 776 kwa kila mwaka na unalipa ya miaka yote mbele ukiomba viza, kuna kipimo cha TB ambacho kwa Tanzania kinafanywa Dar, na pesa ya kujikimu iwe imekaa akaunti siku 28 mfululizo. Na sikiliza hapa maana hapa watu wetu wanaumia, pesa iwe kwenye akaunti yako au ya wazazi wako au mlezi wa kisheria, mjomba wa Muscat hata awe nazo vipi akaunti yake hawaihesabu, atume mapema kwa baba au kwako zikae siku zake 28, zikiingia zikatoka siku moja kwa sababu kuna harusi ya binti wa shangazi, hesabu inaanza upya. Nimeshaona mtu na ofa yake nzuri mkononi amekwama kwa hilo tu.

Sasa upande wa kurudi. Anaerudi kutoka Uingereza anaandika vizuri, hilo sikatai, barua yake ya madai inasomeka, mkataba akiupitia anaona tundu. Kule kule akitaka kuwa solisita, yaani wakili wa kule, hawaangalii uraia, kuna mitihani ya SQE tangu 2021 na miaka 2 ya kazi, kwahiyo kwa anaetaka kubaki huko njia ipo wazi ijapokuwa viza ya kazi ni habari nyengine. Lakini mlete kwetu umpe faili la mirathi. Mzee wa Wete kafariki, kaacha wake wawili, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, shamba la mikarafuu na mikarafuu mengine iko kwenye ardhi ya mtu, maana kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Wake wanagawana thumni, yaani moja ya nane, kila mmoja anapata moja ya kumi na sita, inobaki mtoto wa kiume anachukua saba ya kumi na sita na kila wa kike saba ya thalathini na mbili. Hesabu hii mzee yoyote wa msikitini anakufanyia kwa vidole, wakili wetu alosoma miaka 3 trasti na ekwiti alikuwa anatuangalia tu. Anajifunza, si kwamba hajifunzi, lakini anaanza sifuri kwenye kazi ambazo ndo mkate wa ofisi nyingi hapa mjini.

Marekani nitapita haraka. Kule sheria hawasomi ukitoka Form Six, digirii yao ya sheria, JD, ni miaka 3 baada ya kuwa na digirii nyengine kwanza, kwahiyo jumla 7, na vyuo vikubwa vya binafsi ada peke yake inapita dola elfu 70 kwa mwaka. Mtihani wao LSAT alama zinaanzia 120 hadi 180, na tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya mantiki ilokuwa inawatisha watu wameitoa, imebaki kusoma na kupima hoja, kwahiyo ukinunua kitabu cha zamani pale sokoni sehemu nzima ya humo unasoma bure. Mie simshauri mtu wa Form Six aifikirie Marekani kwa sheria, labda baadae kwa LLM, digirii ya pili ya sheria, ya mwaka mmoja ukiwa una digirii yako tayari, na masharti yao ya viza yanabadilika badilika siku hizi, kayaangalie kabla hujalipia mtihani wowote.

Malaysia. Hapa nakaa kidogo maana naona watu wanaidharau, ati ni ya waliokosa Uingereza. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kule Gombak pembeni ya Kuala Lumpur kipo tangu 1983, wanafundisha sheria kwa Kiingereza, LLB yao miaka 4 na ukitaka unaongeza mwaka unatoka na ya sharia pia. Sasa angalia inavyokaa na kwetu. Wao pia wametawaliwa na Muingereza kwahiyo mfumo ni ule ule wa kufuata hukumu zilizopita, wao pia wana mahakama za kiraia upande huu na mahakama za sharia upande ule na kila siku wanagombana wapi mpaka wa hii na ile, na madhehebu yao ni Shafii kama wengi wetu. Kitabu cha fiqhi anachofungua mwalimu wa Gombak si kigeni kwa mtoto aliesoma chuo cha Qur'ani Kikwajuni. Huyu ukimpa lile faili la mzee wa Wete anakaa nalo mchana mmoja.

Ubaya wake ni upi? Kubaki kule kufanya uwakili usifikirie, sheria yao ya mawakili ya 1976 inataka raia au mkaazi wa kudumu. Jina la chuo Bara au kwenye makampuni ya kigeni halina uzito kama wa London, utalazimika kujieleza kwenye intavyuu, na kuna mtihani wa kujipima Kiarabu, usijidanganye kuwa kusoma Qur'ani ndo kujua Kiarabu, wengi inawalazimu kuanza madarasa ya lugha kabla ya kuingia kozi. Maisha nafuu ukilinganisha na Uingereza na chakula hakina mashaka. Wazazi wa mabinti wanaipenda kwa sababu zao na mie sizibezi sababu hizo.

India nayo. Wazanzibari tunaijua India kwa matibabu na kwa kompyuta, sheria ndo hatuifikirii sana, na kuna kitu cha kuchekesha, sheria yetu ya mikataba mizizi yake ni ile ya India ya 1872, na ya Bara hivyo hivyo, na ya Malaysia hivyo hivyo, Muingereza aliichukua moja akaitawanya. Kwahiyo aliesoma mikataba India akifungua yetu anakutana na vifungu anavyovijua. Ukitoka Form Six kozi ni ile ya miaka 5 iliochanganya BA na LLB, ile ya miaka 3 ni kwa wenye digirii tayari, usije ukapewa admisheni ya miaka 3 ukashangilia kumbe huna sifa. ICCR, taasisi ya serikali ya India, inatoa skolashipu, inalipa ada na posho, na Unguja tuna ubalozi mdogo wa India kwahiyo masuala unauliza bila kupanda boti. Ila vyuo vya binafsi kule ni vingi mno na si vyote vya kuamini, hapa ndo uwe mkali kuliko nchi zote, hakikisha chuo kimekubaliwa na Baraza la Mawakili la India na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, watakitambua ukirudi. Miaka 5 ni mingi pia, mwenzio aliebaki nyumbani akasoma Tunguu keshaanza kazi wewe bado unafanya mitihani.

Kampala sasa, na hapa nasema wazi kabisa, kwa mtu anaetaka kuja kusimama mahakamani hapa kwetu au Dar mie naiweka Makerere mbele ya vyuo vingi vya kati vya Uingereza. LLB miaka 4, wana mtihani wao wa kuingilia, na mfumo wa shule ni kama wetu, O level, A level, hakuna wa kukwambia ukasome faundesheni. Na zaidi, kesi. Zamani Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika tulikuwa na mahakama ya rufaa moja, ikaja kuvunjika 1977, lakini hukumu zake mpaka leo zinasomwa. Kaa siku moja tu mahakamani usikilize mawakili wakibishana juu ya pingamizi la awali, lazima mmoja atataja kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969. Mwanafunzi wa Kampala anaijua, wa Nairobi anaijua, wa Bristol utamuelezea wewe. Faraidh, yaani kugawa mirathi ya Kiislamu, hutofundishwa kwa kina hilo kweli, na Kampala ina kelele zake, lakini unakwenda kwa basi kutoka Dar ukiishiwa.

Na kubaki nyumbani jee? Ndio, nalitia humu kwa sababu ni ulinganisho wa kweli si wa kujifurahisha. UDSM sheria ndo kitivo ambacho chuo kilianza nacho mwaka 1961, Zanzibar University pale Tunguu wana sheria pamoja na sharia, na njia ambayo mie nikiulizwa na mdogo wangu wa damu ningemwambia ni hii: soma LLB hapa au Afrika Mashariki, fanya kazi miaka 2, halafu nenda Uingereza kwa LLM kwa Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanalipa kila kitu kwa mwaka mmoja, wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 na ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka 2. Unapata London yako, unaipata bure, na unakwenda ukiwa unajua unachokifata. Kuna pia LLB ya University of London ya masafa, ile ile ambayo Mandela alikuwa anaisoma gerezani, unaisoma ukiwa kwenu kwa miaka 3 mpaka 6, lakini kabla hujalipa waulize TCU kwa maandishi kama wataitambua kwa njia ya masafa.

Bado hapo hujawa wakili, popote uliposoma. Bara kuna Law School of Tanzania ilioanza kupokea wanafunzi 2008, na watu hawajasahau yale matokeo ya 2022, waliofanya 633 waliopita moja kwa moja 26. Mwenye digirii ya nje anaingia pale na mzigo wa ziada, lazima digirii itambuliwe na TCU kwanza na mambo ya utaratibu wa mashauri ya kwetu hakuyasoma, anaanza kuyasoma na wenzake walioyasoma miaka 4.

Sasa maandalizi, na hapa haijalishi umechagua wapi.

Majina. Wallahi kama kuna kitu kimoja cha kufanya wiki hii ni hichi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Moh'd, cha NECTA Mohamed, pasi Mohammed, na jina la babu kwenye kimoja lipo kwenye chengine halipo. Salum huku, Salim kule. Khamis na Hamis. Kwetu hakuna anaeshtuka, tunajuana, lakini afisa wa viza anaona watu watatu. Toa vyeti vyote uvipange kitandani uangalie herufi kwa herufi, ukianza kuona tofauti nenda kwanza ofisi za usajili ukarekebishe cheti cha kuzaliwa, palipobaki tofauti ule kiapo, na pasi uombe mwisho ikifata cheti kilichosafishwa, maana pasi ni shilingi 150,000 na hutaki kuilipia mara mbili. Cheti cha kuzaliwa cha kwako kinahitajika pia kuthibitisha kuwa yule mwenye akaunti ni baba yako kweli, kwahiyo jina lake nalo likae sawa na la kwenye kitambulisho chake.

Kusoma. Hukumu ziko bure mtandaoni, ZanzibarLII na TanzLII, chukua hukumu moja kwa wiki, fupi, ya mambo unayoyaelewa kama talaka au mpaka wa shamba, isome kisha andika nusu ukurasa: nani alimdai nani, jaji ameamua nini, sababu gani, na wewe hukubaliani wapi. Hii inakujenga LNAT, inakujenga IELTS, mtihani wa Kiingereza, ambayo vyuo vya sheria wengi wanataka 6.5 mpaka 7.5, na inakupa cha kuandika kwenye maelezo yako ya UCAS ambayo sasa hivi ni masuala matatu na herufi 4,000 jumla. Tafadhali usianze na tangu utotoni naipenda haki. Andika kesi uloisoma na kilichokukera ndani yake.

Cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi kwa anaekwenda nje kitafute kabla ya kuondoka, ukishakuwa huko unakuja kukitafuta kwa kumsumbua kaka yako. Mkopo, bodi yetu ya Zanzibar ina masharti yake, waulize kabla hujakubali ofa yoyote si baada.

Na mawakala wa vyuo, hawa wanaotembeza vipeperushi, wengi wao chuo chenyewe kinawalipa kamisheni ukishasajiliwa, kwahiyo anaekudai pesa kubwa ya kukutafutia admisheni muulize anailipia nini, na ada ya chuo ilipwe akaunti ya chuo, jina la chuo, si akaunti ya mtu binafsi hata kama ni jirani na mnaswali msikiti mmoja.